Kijana wa Lifti na Bawa Lililolala Nyuma

Mapema miaka ya 1930, katika jengo la ofisi za wabunge jijini Washington, kulikuwa na kijana wa kuendesha lifti aliyeitwa Robert T. Jones. Alitoka Macon, mji mdogo wa jimbo la Missouri. Chuo kikuu alikaa mwaka mmoja tu, akaona hapamfai, akaondoka. Akafuata kundi la sarakasi za ndege, kisha akapata kazi kwenye kampuni ndogo iliyounda ndege. Uchumi wa dunia ukaporomoka, kampuni ikazama, na jamaa akajikuta anapandisha na kushusha waheshimiwa kutwa nzima.

Miaka kumi na kidogo baadaye, kijana huyo ndiye aliyewapigia Wamarekani hesabu zilizoonyesha kwamba ndege ya jeti inafaa ilaze mabawa yake nyuma, kama mbayuwayu anapojitupa chini kwa kasi.

Ukitaka kuona alichokuwa akisema, huhitaji kitabu. Pita karibu na uwanja wa Wilson uangalie Cessna Caravan ikishuka. Mabawa yake yamenyooka kama rula, yametoka ubavuni bila kuegemea mbele wala nyuma. Halafu angalia Dreamliner ikipaa kutoka JKIA. Mabawa yamelala nyuma. Zote mbili zinaruka vizuri tu. Kinachozitofautisha ni kasi zilizoundiwa.

Lakini Jones hakuwa wa kwanza. Wazo hilo lilikuwa limesemwa hadharani mwaka wa 1935, mbele ya wakubwa wa sayansi ya ndege duniani. Walisikiliza, wakala, wakataniana, wakarudi makwao. Ilibidi ipite vita nzima ndipo dunia ikumbuke ilichoambiwa. Hilo ndilo linalonivutia katika historia hii: jambo linaweza kusemwa kweupe, kwa hesabu zilizonyooka, na bado lisisikike.

Tuanze na tatizo lenyewe. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya kilomita 1,225 hivi kwa saa karibu na usawa wa bahari. Juu kabisa, kwenye baridi ya mita 11,000, kasi hiyo hupungua hadi kama kilomita 1,060. Ndege ikienda polepole, hewa iliyo mbele yake hupata taarifa mapema, kwa sababu msukumo wa ndege husafiri kwa kasi ya sauti na kuitangulia. Hewa inajipanga na kupisha. Ndege ikikaribia kasi ya sauti, taarifa na ndege vinafika karibu pamoja. Hewa haina tena muda wa kupisha.

Na shida inaanza kabla ndege yenyewe haijafika kasi hiyo. Bawa limevimba kidogo juu, na hewa inayopita juu ya uvimbe huo hukimbia kuliko ndege. Kwa hivyo ndege inaweza kuwa inaenda kwa asilimia 75 ya kasi ya sauti, huku hewa iliyo juu ya bawa imeshaipita sauti. Hapo hutokea wimbi la mshtuko, kama ukuta mwembamba wa hewa iliyobanwa ghafla. Ukinzani unapanda vibaya, nguvu ya kuinua inavurugika, na usukani unaweza kugoma.

Marubani walilijua hilo kwa miili yao kabla ya vitabu kulieleza vizuri. Ndege ya Marekani ya P-38 Lightning, yenye propela mbili, ikipiga mbizi kutoka juu sana ilikuwa inashika kasi hadi rubani anavuta usukani na hakuna kinachotokea. Mnamo Novemba 1941, rubani wa majaribio wa kampuni ya Lockheed, Ralph Virden, alikufa baada ya ndege yake kupoteza mkia katika majaribio ya mbizi za namna hiyo.

Sasa, dawa ni gani? Umewahi kuona Subaru iliyoshushwa chini ikifika kwenye tuta la barabarani? Dereva mwenye akili haliendei moja kwa moja. Anakata kona kidogo, analipanda kimshazari, gurudumu moja baada ya lingine. Tuta ni lile lile na urefu wake haujabadilika, ila kwa kulipita upande, mpando unakuwa mrefu zaidi na wa taratibu. Bawa lililolala nyuma linaifanyia hewa jambo kama hilo. Hewa inapita juu ya uvimbe ule ule, lakini kwa njia ndefu, kwa hivyo haishtuki mapema.

Ukitaka kwa hesabu, bawa linajali zaidi ile sehemu ya kasi inayolipiga moja kwa moja, kwa pembe mraba. Sehemu inayoteleza kutoka bega la bawa kuelekea nchani hailisumbui sana. Laza bawa nyuma kwa nyuzi 35, na sehemu inayolipiga moja kwa moja inabaki asilimia 82 ya kasi ya ndege. Ndege ikiwa kwenye asilimia 90 ya kasi ya sauti, bawa linahisi kama liko kwenye 74. Katika ndege halisi faida haiji yote kama hesabu inavyoahidi, lakini inatosha. Unapata kasi zaidi kwa injini ile ile, mafuta yale yale.

Mtu aliyelisema hili kwanza hadharani ni Adolf Busemann, Mjerumani, kwenye Kongamano la Volta lililofanyika Roma kuanzia mwisho wa Septemba hadi mapema Oktoba 1935. Mada ya kongamano ilikuwa kasi kubwa katika urukaji, na Waitaliano walikuwa na haki ya kujivuna: mwaka uliotangulia, rubani wao Francesco Agello alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya kilomita 709 kwa saa akiwa na ndege ya kutua majini. Ukumbini alikuwemo Theodore von Kármán, mmoja wa wataalamu wakubwa wa mwendo wa hewa. Alikuwemo pia Eastman Jacobs kutoka maabara ya Langley, ya shirika la utafiti wa ndege la Marekani lililoitwa NACA. Majina hayo mawili uyaweke akilini.

Busemann alieleza jinsi bawa lililolazwa lingepunguza ukinzani kwa ndege inayoipita kasi ya sauti. Baadaye, kwenye chakula cha jioni, mwenyeji wao Jenerali Arturo Crocco alichora ndege yenye mabawa, mkia na hata propela vilivyolala nyuma, akaibatiza kwa utani jina la Busemann. Watu wakacheka, basi.

Usiwahukumu haraka. Mwaka wa 1935 majeshi mengi ya anga bado yalikuwa na ndege za mabawa mawili, moja juu ya jingine, zilizoshikwa kwa waya. Injini ya jeti ilikuwa bado kwenye karatasi. Kumwambia mtu wa wakati huo jinsi ya kupunguza ukinzani juu ya kasi ya sauti ilikuwa kama kumshauri mwenye baiskeli namna ya kukata kona akiwa na kilomita 300 kwa saa. Ushauri ni wa kweli, ila hana pa kuutumia.

Ujerumani ndiko ulikopata pa kutumika. Mwaka wa 1939, huko Göttingen, Albert Betz alitambua kwamba kulaza bawa kunasaidia hata kabla ya kufika kasi ya sauti, na Hubert Ludwieg akalithibitisha kwenye handaki la upepo. Hapo likawa jambo la kijeshi. Milango ikafungwa.

Wengi hudhani ndege ya Messerschmitt Me 262, jeti ya kwanza ya kivita kuingia kazini, ndiyo tunda la utafiti huo. Mabawa yake yamelala kidogo, nyuzi 18.5, na kwenye picha inaonekana ya kisasa kuliko wenzake. Kumbe sababu ya mwanzo ilikuwa nyingine. Injini zake zilitoka nzito kuliko zilivyotarajiwa, uzito ukahama, na wahandisi wakasukuma sehemu ya nje ya bawa nyuma ili ndege isawazike. Kwa pembe ndogo hivyo, faida ya kasi ni kama asilimia tano tu kwenye hesabu. Michoro yenye mabawa yaliyolazwa kwa makusudi ilikuwepo, na hata ndege ya majaribio, P.1101, ilikutwa karibu kukamilika vita vilipoisha. Haikuwahi kupaa.

Na kuna jambo ambalo wapenzi wa ndege hulipita haraka. Me 262 hazikujengwa na wahandisi wenye makoti meupe peke yao. Kwenye mahandaki ya Bergkristall, huko Sankt Georgen nchini Austria, wafungwa wa kambi ya mateso ya Gusen walilazimishwa kuchimba mwamba na kuunda miili ya ndege hizo. Maelfu walikufa. Ukiona Me 262 imeng'arishwa ndani ya jumba la makumbusho, hao nao ni sehemu ya historia yake.

Turudi kwa kijana wa lifti. Jones alipokuwa Washington hakukaa bure. Alijuana na Albert Zahm, aliyesimamia vitabu vya urukaji kwenye Maktaba ya Kongresi. Zahm akamkutanisha na mbunge David Lewis wa Maryland, mzee aliyeanza maisha akiwa mchimba makaa ya mawe na aliyetaka kufundishwa hisabati. Kijana wa lifti akawa mwalimu wa mbunge. Jioni alihudhuria masomo ya Max Munk, Mjerumani aliyekuwa bingwa wa nadharia ya mabawa. Mwaka wa 1934, mpango wa serikali wa kuwapa watu kazi ukamfikisha Langley kwa kibarua cha miezi michache.

Ulipofika wakati wa kumwajiri kabisa, kukawa na kikwazo: cheo cha chini cha mhandisi kilidai digrii. Wakubwa wake wakasoma kanuni upya, wakaona cheo cha juu yake hakikutaja digrii popote. Pengine walioandika kanuni walidhani ukifika huko lazima utakuwa nayo. Basi wakamrusha cheo.

Mimi pia niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo nilipoisoma sehemu hiyo nilipiga makofi peke yangu. Lakini ukiitazama vizuri, haisemi kwamba digrii ni karatasi tu. Jones aliacha chuo, hakuacha kusoma. Na bado alihitaji mkutubi wa kumfungulia rafu, mbunge wa kumpigia debe, mwalimu wa jioni, na wakubwa waliokubali kupekua kanuni kwa ajili yake. Ondoa mmoja wao na huenda angezeekea kwenye lifti. Wangapi wamezeekea huko hatuwezi kujua, kwa sababu hawakuandikwa.

Mwanzoni mwa 1945 Jones alikuwa akishughulikia silaha za kuelea zenye mabawa mafupi ya pembetatu. Akachukua hesabu ambayo Munk alikuwa ameichapisha mwaka wa 1924, akaisukuma mbele, akafika palepale alipofika Busemann: laza bawa, utaahirisha matatizo ya kasi ya sauti. Kumbuka kwamba hii ilikuwa Langley, maabara ambayo mtu wake mmoja alikuwa ameketi ukumbini Roma miaka kumi nyuma.

Mwezi wa Machi aliwaandikia wakubwa. Theodore Theodorsen, mwananadharia mkuu wa pale, hakushawishika. Alitaka hesabu nzito zaidi, aliona hii imerahisishwa mno. Ripoti ikasubiri majaribio. Vielelezo vikaangushwa kutoka juu, vingine vikawekwa kwenye handaki la upepo, na majibu yakaja yakimuunga mkono Jones.

Wakati huohuo Ujerumani ilikuwa inaanguka. Mwezi wa Mei 1945 timu ya wanasayansi wa Marekani iliingia Völkenrode, karibu na Braunschweig, kwenye kituo cha siri cha utafiti kilichofichwa kati ya miti. Kiongozi wao alikuwa von Kármán, yule yule wa Roma. Mle ndani walikuta matokeo ya majaribio ya mabawa yaliyolazwa, na wakampata Busemann mwenyewe, wakamuuliza. Yaani ilibidi von Kármán avuke bahari akiwa amevaa sare za jeshi ili akaelezwe tena jambo aliloelezwa miaka kumi nyuma akiwa kwenye suti.

Mmoja wa timu hiyo alikuwa George Schairer wa Boeing. Wazo la Jones alikuwa amelisikia kabla ya safari, na sasa ushahidi ulikuwa mezani. Tarehe 10 Mei akaandika barua kwa wenzake nyumbani akiwaeleza alichokiona. Boeing walikuwa wakichora ndege kubwa ya jeti ya mabomu yenye mabawa yaliyonyooka. Wakafuta, wakalaza mabawa nyuzi 35. Hiyo ikawa B-47, iliyopaa Desemba 1947, na humo ndimo ilimotoka sura ya ndege ya abiria ya 707 na nyingi zilizofuata.

Kampuni ya North American nayo ilikuwa na jeti ya kivita mezani, XP-86, ya mabawa yaliyonyooka. Jeshi lilitaka ifikishe maili 600 kwa saa, karibu kilomita 965, na hesabu zilionyesha haitafika. Wahandisi wakaomba kuanza upya kwa bawa la nyuzi 35, ingawa kungewachelewesha karibu mwaka mzima. Jeshi likakubali. Sabre ilipaa tarehe 1 Oktoba 1947. Mwezi wa Septemba 1948 ikaweka rekodi ya dunia ya karibu kilomita 1,080 kwa saa.

Upande wa pili, Wasovieti walikuwa na wanasayansi wao wa taasisi ya TsAGI, na nyaraka zao walizoziteka Ujerumani. Walichokosa ni injini nzuri. Mwaka wa 1946 serikali ya Uingereza ikakubali kuwauzia injini za Rolls-Royce Nene, na Wasovieti wakazinakili upesi. MiG-15 ikapaa tarehe 30 Desemba 1947, na bawa lake pia lililala nyuzi 35. Watu waliotenganishwa na siasa, bahari na usiri walifika kwenye pembe moja. Hewa haijui pasipoti.

Kilichofuata kilionekana Korea. Novemba 1950 MiG-15 zilianza kuvuka mto Yalu. Nyingi ziliendeshwa na marubani wa Kisovieti, siri ambayo Moscow iliificha kwa miongo kadhaa. Zilikutana na F-80 za Marekani, jeti za mabawa yaliyonyooka, na ghafla ndege iliyokuwa ya kisasa miaka michache nyuma ikaonekana kuukuu. Rubani wa MiG ndiye aliyekuwa akichagua lini apigane na lini aondoke. Ndege za mabomu za B-29, zilizoitawala anga ya Japani mwaka wa 1945, zilipata hasara kubwa Oktoba 1951 hadi zikahamishiwa kazi ya usiku.

Waaustralia walijifunza kwa njia chungu zaidi. Kikosi chao nambari 77 kilipewa Gloster Meteor za Uingereza mwaka wa 1951. Ilikuwa ndege imara, yenye injini mbili, na marubani wake hawakuwa waoga. Lakini bawa lilikuwa limenyooka. Baada ya miezi ya kupambana na MiG, kabla mwaka haujaisha, Meteor ziliondolewa kwenye mapigano ya anga na kupewa kazi nyingine, hasa za kushambulia ardhini.

Marekani ilizikimbiza Sabre Korea, na Desemba 1950 zikaanza kupambana. Hapo mabawa yakawa sawa kwa sawa, na mshindi akaamuliwa na mengine: mafunzo, uoni wa rubani, vifaa vya kulenga, urahisi wa usukani kwenye kasi kubwa. Hesabu za nani alimwangusha nani zinabishaniwa hadi leo. Lisilobishaniwa ni kwamba bila bawa lililolala, usingeingia kwenye mchezo.

Bawa hilo pia lina bei yake. Hewa inapenda kuteleza kuelekea ncha, na ndege ikienda polepole, ncha ndizo zinazopoteza nguvu ya kuinua kwanza. Kwa kuwa ncha ziko nyuma, pua inanyanyuka ghafla, wakati mbaya kabisa, unapotaka kutua. Ndiyo maana Sabre ilipewa vibawa vya mbele vinavyojifungua vyenyewe kwenye kasi ndogo, kama vile vya Me 262, na MiG-15 ikawekewa vizuizi vya chuma juu ya bawa ili kuizuia hewa isiteleze. Wala kulaza bawa si kinga ya kila kitu. Geoffrey de Havilland mdogo, mtoto wa mwenye kampuni, alikufa Septemba 1946 ndege yake ya majaribio ya DH.108 ilipovunjika hewani karibu na mdomo wa mto Thames. Mabawa yake yalikuwa yamelala. Na ndege ya kwanza kuipita kasi ya sauti ikiruka sawasawa, Bell X-1 mnamo Oktoba 1947, ilikuwa na mabawa yaliyonyooka, ila membamba, na injini ya roketi ya kuisukuma kwa nguvu.

Afrika nayo ilizipata ndege hizi. Kikosi cha Afrika Kusini kiliruka na Sabre huko Korea mwaka wa 1953. Ethiopia ya Haile Selassie ikapewa za kwake. Kenya ilinunua Hawker Hunter za Uingereza, ndege za kizazi hicho hicho, miaka ya 1970. Na usiku wa Julai 1976 makomando wa Israeli walipovamia Entebbe, miongoni mwa ndege za Idi Amin walizoziteketeza zilikuwemo MiG-17, mdogo wake MiG-15. Kisha wakapitia Nairobi kujaza mafuta.

Busemann alihamia Marekani baada ya vita na kufanya kazi Langley, palepale Jones alipokuwa amepigia hesabu zake. Na Jones hakuchoka kugeuza mabawa. Alipendekeza bawa moja refu lililofungwa katikati kwa ekseli, lizunguke angani, upande mmoja uende mbele na mwingine nyuma, kama mkasi. Mwaka wa 1979 NASA ilirusha kandege kadogo, AD-1, kujaribu wazo hilo, na marubani wakaligeuza bawa hadi nyuzi 60. Ilikuwa na matatizo ya usukani kwenye pembe kali, lakini iliruka na kutua salama. Mpaka leo hakuna ndege ya abiria iliyoundwa hivyo. Ukiziona picha zake utacheka, kama walivyocheka Roma.